Sifuri Nukta Sifuri Sita

Nyumba yetu ya Isevya ina vyumba sita na LUKU moja,
imetundikwa koridoni kama saa ya ukutani
inayohesabu muda wa kila mtu, isipokuwa wa mwenye nyumba.
Uniti zikibaki tano inalia tii, tii,
kama kifaranga kilichopotezwa na mama,
na milango hufunguka mmoja mmoja,
nyuso zikitazamana: nani kazila?

Mimi.
Kura ilipigwa nikiwa kazini.
"Jagi la Kalunde," alisema Msabila wa chumba cha mbele,
aliyekuwa akifungua na kufunga njia za reli miaka thelathini
na hajazoea kitu kupita bila yeye kukiandika.
"Kitu kinachochemsha maji hujamaliza kupiga mswaki,
unadhani moto wake kinautoa wapi?"
Hawakuitaja pasi ya Kapaya, inayonyoosha hadi leso.
Hawakulitaja friji la mama Nyanzala, linalokoroma usiku kucha
likilinda barafu za kuuza na migebuka miwili ya Kigoma.
Jagi langu ni jekundu.
Mwizi mwekundu hukamatwa kwanza.

Basi Jumatatu, saa kumi na nusu alfajiri,
watu wamelala, pasi imelala,
nikamwomba mama Nyanzala achomoe friji dakika tano
(alikubali macho yakiwa yamefumba),
nikasimama chini ya mita na daftari la mwanangu, upande wa Hisabati.
Arobaini na moja nukta sitini na tatu.
Nikajaza maji hadi mstari wa chini, nikabonyeza.
Jagi likanung'unika, likatetemeka,
likapiga moyo konde, likajizima: tak.
Arobaini na moja nukta hamsini na saba.

Sifuri nukta sifuri sita.
Nikazidisha kwa bei ya uniti. Nikarudia kwa kalamu nyekundu.
Shilingi ishirini na moja na vijisenti.
Ishirini na moja!
Nenda nayo soko la Kanyenye,
hupewi hata kipande cha mkaa cha kuwashia mwenzake.

Nilikuwa nimeandaa hotuba, yenye "ndugu wapangaji" ndani yake.
Sikuitoa. Ushindi wa shilingi ishirini na moja
utauvaa uende nao wapi?
Nikachukua kopo la maziwa ya unga, nikalitoboa mfuniko,
nikaliweka juu ya mita, nikatumbukiza hamsini,
sarafu ndogo kuliko zote ambazo muuza duka haguni akiiona,
nikaandika ukutani kwa chaki:
CHAI YA KALUNDE. CHENJI NAIDAI NYUMBA.

Wiki nzima: tak, kling. Tak, kling.
Kapaya alicheka, kisha akaacha kucheka,
kisha leso zake zikaanza kuonekana na mikunjo.
Msabila alilitikisa kopo kila jioni, kichwa upande,
kama fundi wa stesheni anayegonga gurudumu la behewa
asikie kama lina ufa.

Halafu ikaja asubuhi moja ya Julai,
baridi ile ya Tabora inayoingia kwa kisigino.
Juu ya mfuniko hamsini imelala. Si yangu.
Kando yake kikombe cha bati, kimeoshwa, kimefunikwa kisosi,
ndani kijiko kimoja cha asali ya Sikonge, nyeusi,
imetulia chini, inasubiri maji.
Mlango wa chumba cha mbele ulikuwa wazi
upana wa sikio.

Ndipo nikakumbuka jambo ambalo daftari halikuliuliza:
jagi langu halikubali maji chini ya ule mstari,
na mstari ule ni vikombe viwili.
Siku zote nimechemsha viwili.
Kimoja nakunywa,
kingine namwagia vyombo.

Nikabonyeza. Mita ikapepesa kijitaa chake, kama kawaida.
Nikampelekea kikombe, na hamsini yake kwenye kisosi.
"Imeshalipiwa," nikamwambia.
Hakuinua macho.
Alitafuta kalamu, akaandika.