Chumvi Bado

Ghala hili la Chake lilikuwa la karafuu,
kuta zingali zinanukia.
Mwenye funguo ni mimi, Mize Shaame.
Kila Jumatatu nafungua bomba,
namwaga maji ya zamani, najaza mapya,
mabirika matatu ya saruji, na ndani yake mbao
laini kama muhogo uliovundikwa:
ukiubonyeza, alama ya kucha inabaki.

Jirani kachungulia dirishani:
"Shoga, huo mti waumwagia maji, utachipua?"
Nikamwambia, ukikauka leo, kesho tutazoa unga.
Bahari imekula kiini chake,
ikayaachia maji kazi ya kushika umbo.
Sasa twayabembeleza yatoke, tone kwa tone,
na nta iingie kwa hodi.

Chuma kina kinyongo.
Nanga imelala kwenye magadi, waya mwekundu huku, mweusi kule,
vipovu vinapanda kama vya uji unaosita kuchemka.
Umeme ukikatika, nasonya,
naandika saa kwenye daftari.

Mama yangu alikuwa muosha.
Maiti, alisema, humwosha mara tatu, ikizidi tano,
maji ya mkunazi, ya mwisho yana kafuri,
kisha ukamkabidhi kwa wenyewe.
Huyu wangu naingia naye mwaka wa tatu,
na kila nikidondosha dawa ya fedha kwenye gilasi
maji yanafanya ukungu, mweupe, kama tui.

Jana Dadi alipasua bonge la kutu na mchanga,
ukubwa wake ngumi mbili.
Tulitarajia msumari. Hamna.
Ulikwishaliwa zamani,
limebaki tundu lake tu, refu, la pembe nne.
Tukamimina gundi ndani ya tundu, tukangoja,
tukabandua ganda:
msumari mzima, mweusi,
ambao wenyewe haujawahi kuwa chuma,
umepinda kichwani
pale seremala alipokosea pigo.

Nimeukamata kiganjani mpaka adhana ya alasiri.
Alikosea. Labda alitukana, labda alinyonya kidole,
akapiga tena.
Jina lake hatutalijua, wala la mji wake,
lakini lile kosa tunalo, limetufikia zima.

Kabla ya kufunga nimelowesha magunia,
nimefunika mbao, nimeandika:
Birika la pili. Maji yamebadilishwa.
Chumvi bado.