Naanzia Kumi

Mashine ya kukimbilia mahali pamoja haipo Ngamiani.
Nimeiona kwenye picha tu:
mtu kavishwa barakoa kama anayetaka kuzamia,
anakimbia, hafiki, wanampimia pumzi.
Mimi nimepewa tepu, saa ya mkononi
na karatasi yenye maswali matano.

Tepu yenyewe ni ya Fundi Sekibo, barabara ya kumi na tatu.
Namba za mwanzo zimefutika kwa viuno vya mji mzima,
kwa hiyo naanzia kumi,
halafu natoa.

Umri. Kiuno. Unavuta?
Mapigo ya moyo umekaa kitako, hujagombana na mtu.
Mazoezi, mara ngapi kwa wiki?
Vinajumlishwa, vinapunguzwa, inatoka namba:
kifua chako kingebeba hewa kiasi gani
siku ukikimbizwa.
Na hakuna anayekimbizwa. Ndio uzuri wake.

Mhina wa benki alijibu kabla sijauliza:
mazoezi kila siku, mpira.
Mechi ya mwisho ilikuwa lini?
Akatazama dari, akahesabu marais.
Tepu ilisema mia moja na kumi na nne.
Nikatoa kumi; akaniomba nitoe ishirini.
Moyo wake, tisini na mbili, ulikuwa unagonga
kama mpangaji aliyefungiwa nje.

Mwanamkasi anauza mbaazi na mahamri pale kona.
Mazoezi? Alicheka mpaka kanga ikamlegea.
"Mie, na umri huu, nivae bukta?"
Nikaandika: hapana.
Hesabu haina macho. Ikampa kifua cha ajuza,
naye ana hamsini na sita.

Ila vidole vyangu vilikuwa bado kwenye mkono wake.
Nilihesabu dakika nzima, nikarudia,
nikadhani saa imesimama:
hamsini na nane.
Moyo unaotembea kama mwenye shamba,
haukimbilii kitu, unajua kitakuwepo.

Maji unachota wapi?
"Barabara ya kumi na nane, la kwetu likikatika. Ndoo mbili, kabla ya adhana."
Unga?
"Kilo sita, nakanda mwenyewe. Nani anikandie?"
Na nazi?
"Pongwe, kila Jumatano, gunia nyuma ya baiskeli."
Sasa si mazoezi hayo?
Akanitazama kama niliyekosa adabu.
"Baiskeli si mazoezi, mwanangu. Baiskeli ni baiskeli."

Nikafuta hapana. Karatasi ikatoboka pale pale.
Fomu thelathini zilizobaki
nikaziandikia swali upya, kwa kalamu:
Jasho hukutoka lini, na kwa ajili ya nani?
Daktari Kimweri atasema nimeharibu kazi,
hilo la nani halina namba.
Kweli, halina.

Usiku umeme umekatika. Nimelala chali,
vidole shingoni, nahesabu bila saa,
napotea kwenye arubaini, naanza tena.
Nyumba mia mbili na kumi nimepita kwa miguu tangu mfungo uishe,
viuno vya watu navijua kama vizingiti vyao,
changu sijakigusa.

Naivuta tepu kutoka kwenye mkoba.
Gizani haina namba hata moja, za mwanzo wala za mwisho.
Naizungusha hivyo hivyo,
kidole gumba kinasimama pale ncha zinapokutana,
na hapo nakaa, nimeshika,
sijui nitoe ngapi.