Njia ya Numbe

Ukungu umeketi bonde la Numbe
kama mgeni asiyejua kuaga.
Lwitiko anakaza mkanda wa tandiko:
"Ukimwogopa, atajua.
Ukijidai, atajua zaidi."

Tunapanda. Kwato, tope, kwato.
Mvuke wamtoka farasi puani
kama sufuria ya viazi vya Matamba
ikifunuliwa asubuhi.

Penye okidi za njano zilizomeza njia
analegeza mwendo, anazunguka.
Hatamu mkononi mwangu haina kazi.

Hapa, kabla ya hifadhi,
mama alichimba chikanda:
gunia moja, ada ya muhula mmoja.
Lwitiko simwambii.

Nainama, naishika shingo yenye jasho.
Wewe, mwenye miguu minne,
umekwepa kukanyaga
kilichonisomesha.