Dakika Sita

Jezi yako imeletwa dukani Jumatatu,
namba thelathini na moja,
ndani ya gunia la jezi za klabu nzima,
na mimi, mfua nguo wa nyuma ya soko la Pasig,
nimeijua kabla sijaugeuza mgongo.
Zote zilinuka jasho na dawa ya misuli.
Yako ilinuka kabati.

Kumbe hukucheza tena.

Jonver, umesahau Barotac?
Nchi nzima inadunda mpira kwa mkono,
kila mnazi umepigiliwa ringi,
hata ukuta wa makaburi una ringi,
ila mji wetu mkaidi, unacheza kwa miguu,
nawe, mfupi kama kisiki cha muwa,
ulimshukuru Mungu kwa kukuzaliza hapo.
Asubuhi nyati wa kulimia walikula nyasi za uwanja,
jioni mliteleza kwenye walichoacha.
Daluga zako za kwanza zilikuwa za binamu Eliseo,
saizi arobaini na mbili, mguu thelathini na saba.
Tulizijaza magazeti.
Ukipiga shuti, kiatu kinatangulia golini.
Siku moja refa alikubali bao
na mpaka leo hatujui alihesabu kipi.

Mama aliondoka ukiwa darasa la nne,
akaenda Hong Kong kuwa beki tatu:
kupika, kupiga deki, kumwogesha bibi wa watu,
kulala kwenye kitanda cha kukunja, jikoni.
Kocha Baldemor alipokupanga kushoto, namba tatu,
ulirudi mbio, matope hadi kope:
Dada, sasa nyumba hii ina mabeki tatu wawili!
Mmoja analinda goli, mmoja analinda sahani.
Nilicheka sana.
Maji ya kufulia yalipoa nikiwa nimesimama tu.

Kisha Manila. Miezi mitano ukalala chumbani kwangu,
kati ya meza ya pasi na ndoo,
ukirudi na paja lililobabuka kwa nyasi za plastiki,
ukisema walikupima urefu kabla ya kukupima mbio.
Klabu mbili zikasema, kijana mzuri, akikua mwiteni.
Una miaka kumi na tisa. Ukue wapi tena?
Ya tatu ikakupa karatasi, ukasaini kwa kalamu yangu ya bili.
Mshahara wa kwanza: gunia la mchele, feni moja,
na chenji ukanihesabia mkononi kama mtu mzima.

Halafu ile Jumapili.
Mama alikuwa na likizo yake ya wiki,
ameketi juu ya boksi lililokunjuliwa, kando ya barabara,
yeye na wanawake kumi na wanne wa kwetu,
simu moja katikati, kama wanaota moto.
Dakika ya themanini na nne ukaingia.
Mguso wa kwanza, nje.
Wa pili, ukapigwa tobo,
na boksi zima likaguna.
Mshambuliaji akakimbia, kipa ameshalala,
ukageuka, ukakimbia, ukajitupa,
ukautoa mpira pale penye mstari, kwa unyayo,
nami nikapiga yowe jukwaani hadi muuza karanga akamwaga.

Mtandao wa mama uliganda kwenye tobo.

Nimemsimulia mara nne. Anasema ndiyo, mwanangu,
kwa ile sauti ya mtu anayesifia chakula cha mgonjwa.

Tangu hapo, wiki saba, jezi safi.
Sijui makocha wanaona nini. Mimi najua madoa tu:
doa la nyasi halitoki kwa maji ya moto,
damu inataka maji baridi na subira.
Leo nimeifua yako kando, kwa mkono,
japo haikuwa na cha kufuliwa,
nikaianika dirishani, mwanzo wa kamba,
ambapo jua la Pasig hufika kwa nusu saa.

Niletee chafu, Jonver.
Niletee yenye matope ya kukwangua kwa kisu.
Bei ni ileile, sikupunguzii hata senti.