Nduguye Mtegemewa

Desemba, Tartu. Saa tisa na nusu alasiri
na taa za barabarani zimeshawaka.
Maarika Lepik ameweka kompyuta mezani jikoni
kando ya sufuria ya shayiri.
Anataka kufunga kifurushi kimoja tu:
programu ya kuhesabu korongo pichani.
Endel ndiye aliyeiomba, mstaafu wa posta;
siku hizi macho yake huona korongo kumi
pale walipo thelathini.

Kifurushi kimoja. Basi.

Programu ikasema: mimi siji peke yangu,
nina maktaba ya kusoma picha.
Maktaba ya picha ikaleta ya rangi,
ya rangi ikadai ya hesabu,
ya hesabu ikataka toleo la nne, si la tano,
na la tano ndilo lililokwisha kuketi kwenye mfumo, limekunja miguu,
programu tisini zimeliegemea.
Ni kama mgeni uliyemwalika chai
akaja na shemeji, na mashemeji wa shemeji,
na mmoja wao hali samaki.

Kufika Jumatano ana majina mia mbili na kumi na manne
nyuma ya kalenda ya duka la mbao.
Mawili yanazungukana:
huyu hajengeki bila yule,
yule hajengeki bila huyu.
Akamjenga wa kwanza nusunusu, bila mkono mmoja,
akamtumia kumjengea wa pili,
kisha akarudi kumpa wa kwanza mkono wake.
Usiku ule alikula shayiri baridi, amesimama.

Halafu jina la mia mbili na tisa.
Mistari kumi na mmoja, hata ukurasa haujai,
kazi yake kufuta nafasi tupu mwanzoni mwa neno.
Haina leseni.
Isiyo na leseni haipiti; ndiyo sheria,
na Maarika mwenyewe aliipigia kura.
Angeweza kuandika yake kabla birika halijachemka,
lakini wenzake arobaini orodhani wanaiita kwa jina.
Akamwandikia mwenyewe: Wilmar, Paysandú, Uruguay,
anwani ya chuo, miaka tisa bila kuguswa.

Siku kumi na saba.
Theluji ikapanda hadi kizingiti cha dirisha la chini.

*Samahani,* likaja jibu. *Nilikuwa na miaka kumi na tisa.
Chukueni, nimeweka leseni.
Sasa ninatengeneza friji.
Hivi kweli kuna mtu anaitumia?*

Mtegemea cha nduguye hufa maskini, tumeambiwa.
Sawa. Na huyo nduguye je,
anayekufa bila kuambiwa kwamba alitegemewa?

Maarika akaandika tarakimu, akazifuta.
Akaandika: *Kuna mzee anayehesabu ndege.*
Akatuma.

Jumamosi Endel alibonyeza mara moja
juu ya picha ya Septemba, ukungu na matope.
Thelathini na mmoja, ikasema skrini.
Akasogeza pua hadi kwenye kioo,
akafuata kwa kidole, polepole, mmoja mmoja.

"Thelathini," akasema.
"Huyu hapa ni gogo."