Majibu kwa Meya wa Varanzaki

Ndugu Meya,
barua yenu ilifika kwa mkono wa Padri Kiwia,
bahasha imelowa masika, stempu imebanduka.
Mmetueleza mji wenu: mto, daraja la mawe,
nyumba mia mbili, kanisa la miaka mia tisa,
na huku Ufaransa mkauliza Msaranyi iko wapi.

Najibu mimi, Ndetaulwa,
karani wa kijiji tangu enzi za wino wa chupa.

Kwanza jiografia.
Kaskazini na kusini hatuzitumii sana.
Hapa kuna juu na kuna chini.
Juu ni msitu, ukungu, na Kibo akijisikia kuonekana.
Chini ni Moshi mjini, joto, mahindi,
na ofisi zinazotuambia njoo kesho.
Hata kikombe mezani, mke wangu husema:
kisogeze huko juu kidogo.

Mto hatuna. Tuna mfongo.
Waliouchimba hakuna anayewakumbuka kwa sura;
waliupitisha ubavuni mwa kilima
kama mstari wa mtu anayeandika bila haraka.
Kila mgomba unaouona unakunywa kwa zamu.
Jumanne ni yangu,
na Jumanne moja, mwaka wa ukame,
Elinami aliniibia maji usiku. Nilimmulika na tochi.
Asubuhi alikuja na jani la sale mkononi,
na anayeleta sale hakataliwi.
Nilimsamehe.
Naliandika hapa kwa sababu mmeomba historia.

Historia, basi.
Kahawa ilituezekea mabati,
ikamsomesha dada yangu Aikande ualimu,
kisha bei ikaporomoka, na mingine tukaing'oa kwa hasira.
Mizani ya ushirika bado ipo, imekula kutu;
kuku hutaga kwenye sinia lake.
Akiketi, sindano inatikisika.

Mnasema shule yenu imefungwa, watoto wameisha.
Yetu haijafungwa: darasa la kwanza wako tisa.
Idadi ya wakazi? Inategemea mwezi.
Agosti hatufiki mia nne, na magoti mengi yanauma.
Krismasi nashindwa kuhesabu,
magari yanaegeshwa hadi kwenye makaburi ya migombani,
halafu tarehe ishirini na nane wote wanashuka,
na mbwa wanabaki wamenona wiki nzima.

Swali la saba nimelirudia mara nyingi, taa ikiwaka.
Mnara wenu una majina thelathini na moja
ya vijana wa vita ile ya kwanza.
Vita hiyo hiyo ilipita hapa.
Wenye bunduki walifukuzana, sisi tukabeba masanduku.
Wangapi walichukuliwa Msaranyi, hakuna aliyeandika;
karani wa siku hizo alikuwa akihesabu masanduku.
Babu yangu mzaa baba alishuka na mzigo kichwani,
akimwacha baba mgongoni mwa bibi.
Hakupanda tena.

Mnara hatuna.
Ila kwetu mtoto wa kwanza wa kiume
hubeba jina la babu mzaa baba.
Kwa hiyo Ndetaulwa ni yeye,
na ndiye anayewaandikia.

Ramani siambatanishi; kijana anayejua kuchora yuko Dodoma.
Nami nina swali moja:
huo mto wenu unaopita chini ya daraja,
Jumanne ni zamu ya nani?