Tundu la Nne

Baba aliufunga ungo huu mwaka wa tumbaku mbovu,
ile iliyooza ikiwa bado kwenye nyuzi zake.
Aliuelekeza kusini, mashariki kidogo,
kwa dira ya jeshi na kwa sauti ya Mama dirishani:
Imekuja! Imeenda! Imekuja, usiguse!

Runinga ilikuwa moja, waya mmoja,
na waya mmoja ulitosha:
alichokitaka Baba ndicho tulichokitazama.

Alipofariki, kaka zangu waligawana nyumba.
Rasim juu, Beyhan chini,
Mama chumba cha ngazini, penye joto la watu wote
na mlango wa mtu yeyote.
Wakagawana zizi. Wakagawana mti wa jozi,
tawi la huku, tawi la kule.
Wakabaki wameukodolea macho ungo.

Beyhan akanunua kigawanyi gulioni Momchilgrad,
leva tatu, kidude cha bati kama kifungo cha koti.
Akaukata waya wa Baba kwa kisu cha jibini:
mmoja ukaingia, mitatu ikatoka,
akashuka paani akipangusa mikono
kama mtu aliyemaliza kesi ya mirathi.

Jioni ile, Istanbul, bi harusi anafunuliwa shela,
Mama amesahau kutafuna.
Juu, Rasim anabonyeza mpira —
chenga.
Kioo kizima chenga, pishi nzima ya chenga.
Rasim! Umefanya nini?
Mimi? Muulize Beyhan!
Sevil, mke wa Beyhan, akasema ni husuda ya majirani.
Imamu akasema ni upepo.
Miaka miwili waliishi hivyo,
kila mtu akiwa na hakika juu ya mwenzake.

Nilifika kwa basi la Plovdiv, Februari,
na bisibisi mfukoni.
Nikakalia ndoo, nikawaeleza.
Jicho la ungo ni mtumwa wa bwana mmoja.
King'amuzi hakiliombi, kinalitumia umeme:
volti kumi na tatu, linatazama wima;
volti kumi na nane, linatazama mlalo.
Haliwezi kusimama huku limelala.
Ukigawa waya hujagawa jicho,
umewapa mabwana watatu kengele moja,
na mwenye volti nyingi ndiye anayesikilizwa.

Mama akacheka mpaka akashika mbavu.
Hilo, akasema, nalijua bila bisibisi.

Nikapanda. Nikaufagia ungo theluji kwa ufagio wa jikoni,
nikafungua jicho la zamani, limejaa mayai ya buibui,
nikafunga jipya, lenye matundu manne,
kila tundu na utii wake.
Hapo nikaiona, kwenye nguzo,
alama aliyoiweka Baba asije akapoteza pembe:
mstari wa rangi ya kucha, nyekundu.
Mama hajapaka kucha maisha yake yote.
Ni yangu.
Niliitafuta kiangazi kizima nikiwa na miaka kumi na minne,
nikamtuhumu Beyhan, nikamng'ata mkono.
Ana kovu mpaka leo.

Usiku ule picha zilikuwa safi vyumba vitatu.
Rasim na mpira wake, Sevil na mapishi,
Istanbul bi harusi mwingine.
Hakuna aliyemwita mwenzake.
Nililala chumbani kwa Mama; nikamwona
anabadilisha chaneli, anatulia,
ameinua uso darini, anasubiri,
anabadilisha tena.
Kimya.
Imekuja, akasema taratibu, bila kumwambia mtu.

Asubuhi, kabla ya basi, nilipanda mara ya mwisho.
Yeye uani, shali kichwani, ameshika ngazi.
Umebakiza tundu moja, akasema. La nani hilo?
La hakuna mtu, Mama.
Akanitazama kitambo, ngazi ikitetemeka kidogo mikononi mwake.
Basi lifunge vizuri, akasema.
Lisiingie maji.